Kibofu hakisubiri kubanwa

Mhariri,

Uvimbe ndani ya uti wa mgongo si ile homa ya uti wa mgongo, ingawa wengi huchanganya. Ukigusa neva za kibofu, mgonjwa asingoje kubanwa. Hisia huwa zimefifia. Aliyeelekezwa kutumia katheta, yaani mrija wa kutolea mkojo, atoe mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6. Mkojo ukibaki kibofuni huleta maambukizi, nayo huzidisha mikazo ya miguu. Ambaye uvimbe wake uko usawa wa kifua au juu zaidi akiumwa kichwa ghafla, uso ukitoka jasho, huenda presha imepanda: mketishe wima, mlegezee nguo, kisha kagua kibofu kwanza: pengine mrija umejikunja tu. Presha isiposhuka, hospitali mara moja. Na maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu usiohisi.