Mapezi ya beta yakiharibika, tuanze na maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu tunaofuga samaki wa beta, hasa wale ambao wakiona pezi limechanika hukimbilia dawa. Nami nilikuwa miongoni mwao. Beta wangu wa kwanza, wa buluu na mwenye mkia mrefu, aliamka siku moja akiwa na mpasuko mkiani, na muuzaji niliyemwendea alinikabidhi chupa ya dawa bila kuniuliza lolote kuhusu tangi. Nilimimina dawa siku tano, na mpasuko wa pili ukatokea. Mwishowe nilitoa mmea wa plastiki uliokuwa tangini nikaupitishia soksi ya nailoni. Nyuzi zikanasa pale pale, nikamjua mkosaji.

Kwa hiyo kabla ya kutibu, tutazame vizuri. Pezi lililokwaruzwa huwa na mpasuko wenye ukingo safi, na samaki huendelea kula kama kawaida. Beta anayejing'ata mkia, jambo ambalo wenye mapezi mazito hulifanya wakichoshwa na mkondo mkali wa chujio au wakisumbuliwa na taswira yao kwenye kioo, huacha pengo la ghafla kama limemegwa. Pezi linalooza ni jambo lingine: huliwa polepole kutoka ukingoni kuelekea mwilini, na ukingo wenyewe hugeuka mweusi, mwekundu au mweupe.

Uozo huo mara nyingi huletwa na bakteria ambao tayari wamo majini na hungoja samaki adhoofike. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Kwa kuwa beta ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, tunaamini kwamba bakuli dogo linamtosha, ilhali hewa hiyo haimwepushi na amonia inayotokana na kinyesi chake na mabaki ya chakula, ambayo humuunguza matamvua na mapezi. Tangi la lita 20 au zaidi, chujio la mkondo mpole na joto la nyuzi 24 hadi 27 humkinga kuliko chupa yoyote ya dawa. Amonia na naitraiti, sumu nyingine inayotokana na amonia, zikipimwa zinapaswa kuwa sifuri, hali ambayo tangi jipya huweza kuchukua wiki kadhaa kuifikia, maana bakteria wazuri wanaozivunja hawaoti kwa siku moja. Sifongo ya chujio nayo isioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini huwaua; ioshwe katika maji yaliyotolewa tangini.

Samaki akishaumia, nabadilisha robo ya maji kila siku, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile. Mpasuko mdogo hauhitaji zaidi ya hayo. Chumvi husaidia, kama gramu 1 kwa lita, ikiyeyushwa kwanza na kutumiwa katika chombo cha pembeni kwa siku zisizozidi 10, kwa sababu huharibu mimea hai. Majani makavu ya mkungu, ambayo wafugaji huyaloweka tangini, nayapenda, ingawa hayawezi kuchukua nafasi ya kubadilisha maji. Dawa ya kuua bakteria naiacha kwa uozo unaosonga mbele licha ya maji safi, au uliokaribia mwili. Hapo dozi imalizwe, na mkaa utolewe kwenye chujio, la sivyo utainyonya dawa yote.

Jambo la mwisho limewaponza wengi. Pezi likianza kuota upya, ukingo wake huwa mwembamba na mwangavu kama karatasi ya nailoni, na mfugaji mwenye wasiwasi hudhani ni ukungu, akarudi kwenye chupa. Rangi huja baadaye, na pengine isifanane na ya awali. Wa kwangu ana ukanda mwekundu pale palipopasuka.

Ni mimi msomaji wako,
Mfugaji wa beta