Pale mizani, mpimeni na dereva presha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na madereva wenzangu wa malori, na matajiri wetu, na wale wenye mamlaka ya barabara.

Huu ni mwaka wa 19 naendesha semi kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Mwaka jana tulikuwa kwenye foleni ya Tunduma, siku ya tatu, gari hazisogei. Mwenzangu wa gari la mbele alimwita utingo wake ampe chupa ya maji. Utingo akadhani anataniwa, maana maneno yalitoka kama ya mlevi. Alipopanda alimkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelala pajani, hauinuki. Tulimbeba watu wanne hadi hospitali. Ilikuwa kiharusi. Presha waliyomkuta nayo ni 210 kwa 120.

Mtu huyu hakuwahi kulalamika hata kichwa. Siku chache kabla alikuwa ameupandisha mlima Kitonga na mzigo wake wote nyuma, kwenye kona zile zile ambazo mabasi yanapishana nasi yamejaa watu. Nikilikumbuka hilo mwili unanisisimka hadi leo.

Nesi aliyempokea alitushauri sisi tuliomleta nasi tupime. Mimi nilikutwa na 168 kwa 104, na nilikuwa najiona mzima kabisa. Alitueleza kwamba kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa, hasa aliyetoka kuendesha usiku kucha, akanywa kahawa na kuvuta sigara. Unakaa kwanza dakika tano, umeegemea, hubanwi na haja, unapimwa mara mbili, halafu unarudi siku nyingine. Ikiendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo. Kwa maisha yetu ya barabarani sioni kwa nini sisi tuwe afadhali.

Tunakaa kwenye kiti saa kumi na zaidi. Usingizi ni wa kuiba. Chakula ni chipsi na nyama choma, na chumvi mbichi iko pale mezani, unamwaga kabla hata hujaonja. Kiwango kinachoshauriwa kwa siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyopikiwa. Sahani moja ya pale njiani inaweza kukaribia kuimaliza. Usiku usingizi ukikushika unafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, na tajiri anapiga simu kuuliza umefika wapi.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wetu tunalificha. Dawa tunapewa, lakini hatumezi. Mimi nilianzishiwa kidonge cha kutoa maji mwilini. Ni dawa nzuri, ila kila nusu saa unatafuta pa kusimama, na gari la mita 18 haliegeshwi popote. Nikawa naacha siku za safari, yaani karibu siku zote. Niliporudi nikamwambia daktari ukweli, akanibadilishia, na presha ikatulia. Ndugu zangu, msiache dawa kimya kimya. Semeni kazi mnayofanya, dawa za presha ni za aina nyingi.

Shida nyingine ni kliniki. Kadi yangu inasema nirudi kila mwezi, Jumanne. Jumanne hiyo mimi niko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nasubiri karatasi, na vidonge vimeisha tangu Kapiri Mposhi. Naomba wizara iruhusu dereva wa masafa apewe dawa za miezi mitatu akishatulia, na kadi yake ihudumiwe kwenye kituo chochote cha afya kando ya barabara kuu.

Ombi langu kubwa ni kuhusu mizani. Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba, kote huko tunasimama, tutake tusitake. Gari likizidi tani 56 halipiti, na hata uzito wa kila ekseli unaangaliwa. Wekeni pale chumba kimoja, nesi mmoja na mashine ya kupima presha. Miaka ya nyuma tulifuatwa vituoni tukapimwa UKIMWI na kupewa kondomu, na ilisaidia sana, kwa sababu walitufuata tulipo. Leseni inadumu miaka 5. Aliyekuwa mzima siku anaichukua, ndani ya miaka hiyo presha inaweza kupanda bila yeye kujua.

Lakini hakuna dereva atakayeingia chumba hicho kwa hiari kama majibu yatafika kwa tajiri na yeye kupoteza gari. Hofu hiyo si ya kufikirika. Namjua aliyeambiwa "nenda kapumzike", gari akapewa mwingine, na hakuitwa tena. Dereva ambaye presha yake imetulizwa kwa dawa anaendesha kama kawaida. Wa kuogopwa ni yule asiyejua, na yule anayejua akaficha. Matajiri watamke wazi, kwa maandishi, kwamba atakayepimwa na kuanza dawa hatafukuzwa kwa sababu hiyo.

Siku hizi natembea na mashine yangu ndogo ya mkononi kwenye droo ya gari. Juzi pale Mpemba wenzangu walikuja mmoja mmoja nikawapima. Mmoja, kijana wa miaka 34 tu, namba zilipotokea alizitazama, akazima mashine haraka kabla utingo wake hajaziona, akaniomba nisimwambie mtu.

Dereva wa malori,
Mbagala, Dar es Salaam