Kwa mafundi na makandarasi wa alumini, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu wanachama. Naomba kila mmoja wetu ayasome mapendekezo ya kanuni za kihandisi za miundo ya alumini, yanayotaka mhandisi asaini michoro, viungo vikaguliwe na nguvu ya upepo ihesabiwe, kabla ya kuyatolea maoni, kwani kinachozungumzwa zaidi ni gharama ya kumlipa huyo mhandisi, ilhali jambo zito liko kwenye viungo. Uzito wa alumini ni takriban thuluthi ya uzito wa chuma, lakini kwa kipimo kilekile na mzigo uleule hupinda kiasi cha mara tatu zaidi, na alumini ya aina iitwayo 6061-T6 inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake pembeni mwa sehemu iliyochomelewa. Sisi tunaofunga mabaraza yanayokabili bahari tumeshaona, pale penye skrubu za chuma cha kawaida, alumini ikiliwa na chumvi mpaka tundu likapanuka na kiungo kikalegea. Kwa hiyo naunga mkono ukaguzi wa viungo na hesabu za nguvu ya upepo. Ninachopinga ni kumtaka fundi wa Wete anayeweka dirisha moja alete michoro sawa na ya mkandarasi wa paa la hoteli. Tafadhali pendekezeni hapa, kabla ya Ijumaa, kazi ya ukubwa gani ndiyo ihitaji saini ya mhandisi.