Mwanangu, jua halijakukimbia

Mwanangu kipenzi,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ile unayosema mama hapa Helsinki saa tisa na robo mchana jua limeshazama, asubuhi naingia darasani giza natoka giza, naona kama jua limenikimbia. Hapo mwisho sauti yako ilinichoma, nikasema ngoja nikae nikuandikie kabisa maana kwenye simu tunaishia kuulizana umekula nini.

Jua halijakukimbia mwanangu, tena ujue sasa hivi ndo tunalikaribia kuliko wakati wowote wa mwaka. Mwanzoni mwa Januari dunia inakuwa kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, halafu mwanzoni mwa Julai, wakati wenyeji wako huko wanaota jua ufukweni, ndo inafika mbali zaidi, kama milioni 152. Nimefundisha jiografia miaka yote ile na hakuna mwaka ambao sikukuta kwenye mitihani mtoto kaandika baridi inakuja dunia ikienda mbali na jua. Sio umbali, ni kuinama.

Unakumbuka ule usiku umeme umekatika, we uko darasa la tano, nikachukua chungwa la Muheza nikalichoma na kijiti cha mshikaki, chemli ikiwa katikati ya meza? Nililiinamisha kidogo nikawa nalizungusha taratibu kuizunguka ile taa, na sharti lilikuwa moja tu, kijiti kwa juu kielekee mlangoni muda wote, usikigeuze. Ukasema mama mbona huku juu ya chungwa kunawaka na tukifika upande wa pili kunaingia giza? Si ndo hapo sasa. Dunia imeinama digrii 23.4 na haibadilishi inakoelekea huku inatembea kama kilomita 30 kila sekunde, kwaiyo Juni nyie wa kaskazini mnaliinamia jua, Desemba mnalipa kisogo. Wewe saa hizi umekaa juu ya chungwa, upande wa giza, ni hivyo tu.

Sisi hapa Tanga tuko karibu na kiuno cha chungwa ndo maana hatusikii kitu, siku yetu ndefu na siku yetu fupi zinapishana nusu saa hivi. Na ndo maana saa zetu za Kiswahili zinatukaa vizuri, jua likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya. Huko wewe saa tatu asubuhi imepita na bado giza, lazima kichwa kivurugike, usijione mdhaifu.

Alafu baridi. Hilo jua lako la Desemba hata mchana linapita chini chini, digrii 6 tu juu ya upeo wa macho, linakupiga kwa ubavu. Chukua kijiko kimoja cha samli upake chapati moja, inalowa, sasa kijiko hichohicho kigawe kwenye chapati tisa uone kama utaisikia ladha. Miale yako ndo imetandazwa hivyo, na bado unaipata masaa sita hata hayatimii.

Na kuinama hukohuko ndo kunatuletea sisi huu upepo. Sasa hivi bara la Asia limepoa, hewa nzito inasukumwa kuja huku, ndo kaskazi hii inayopiga pazia la sebuleni nikiwa naandika. Ikifika katikati ya mwaka Asia inachemka inavuta hewa kwake, kaskazi inageuka kusi na kipupwe kinaingia. Babu yako alikuwa anasema majahazi ya Oman yanakuja na kaskazi yanarudi na kusi, yule mzee hakuwahi kushika kitabu cha jiografia lakini mwaka mzima alikuwa nao kichwani. Mvua nayo inalifuata jua, linapita utosini kwetu mwanzoni mwa Oktoba nyuma yake vuli, linapita tena mwanzoni mwa Machi nyuma yake masika.

Sasa nisikilize vizuri. Tarehe 21 mwezi huu ndo mwisho wa kupungua. Mwanzo hutaona tofauti, dakika moja moja, usikate tamaa, ila Februari na Machi mchana wako utakuwa unarefuka dakika tano na zaidi kila siku, na ikifika tarehe 20 Machi mimi na wewe tutakuwa na mchana unaokaribia kulingana, masaa kumi na mbili na kidogo. Juni utanipigia kulalamika kwamba saa nne usiku jua linakuchoma machoni na usingizi huna. Mpaka hapo meza vidonge vyako vya vitamini D, na saa sita mchana toka nje hata kama kuna mawingu.

Tena tufanye hivi. Tarehe 21, saa sita na dakika ishirini kwa saa ya huko, simamisha fimbo ya mita moja kwenye theluji. Mimi nitasimamisha yangu uani, saa sita na dakika ishirini ya hapa. Changu kivuli hakitazidi sentimita 35, chako kama jua litatoka kitafika karibu mita tisa, na vyote viwili vitaelekea kaskazini. Nitumie picha, mdogo wako keshaanza kutafuta fimbo.

Mama yako