Mdogo wangu, kabla hamjakata tiketi za Florida

Assalaam alaikum mdogo wangu, natumai hamjambo nyote hapo Mombasa na mguu wa mama umepata nafuu.

Juzi kwenye simu ulinambia mkija Julai watoto wanataka moja kwa moja Florida, kwenye zile pak mpya za mambo ya filamu, na hii bustani yangu ya Kennywood ya hapa Pittsburgh mtaiona "kama siku itabaki". Hilo neno limenikaa wiki nzima. Nimeamua kukujibu kwa barua tena hapa hadharani, manake najua tuko wengi tuliohamia huku tunaopita karibu na hizi bustani kongwe za burudani kila siku na hatujawahi kuingia, tunadhani ni mbao zilizochoka zinangoja kubomolewa, na mimi kila nikitaka kueleza kwa simu mtandao unakatika kabla sijafika popote.

Sikwambii msiende Florida. Naomba siku moja tu, nzima, toka mlango unafunguliwa mpaka taa ziwake.

Unakumbuka uwanja wa Makadara hapo Mombasa siku ya Idi? Najua unakumbuka, ulikuwa unalia usipopelekwa. Nguo mpya zinakwaruza shingo, mkono wa Idi umefungwa kwenye kitambaa, tunanunua mabuyu na achari mpaka midomo inakuwa myekundu, halafu tunapanga foleni kwenye bembea ya kuzunguka, ile ya mbao ambayo haikuwa na mota yoyote, vijana wanaisukuma kwa mikono na wengine wanadandia juu ili uzito wao uivute chini. Mimi nilikuwa nasikia kila ubao ukilia. Kriii, kriii, halafu kimya kidogo ukifika juu kabisa ambapo unaona mapaa ya nyumba, halafu tumbo linabaki huko juu na wewe unashuka. Hicho ndicho nilichokuja kukikuta huku, miaka mingi baadaye, mahali ambapo sikutegemea kabisa.

Ilikuwa kiangazi changu cha kwanza. Nilikuwa sina jamaa hata mmoja hapa, natoka kazini narudi chumbani, natoka chumbani narudi kazini. Barabarani nilikuwa naona vibao vya mshale wa manjano vimeandikwa Kennywood, mtaa huu upo, mtaa ule upo, mpaka nikamuuliza mama mmoja wa kazini hivi huko Kennywood kuna nini, akanitazama kama nimemuuliza bahari iko wapi Mombasa. Jumamosi iliyofuata nikafuata mishale. Unaegesha gari upande huu wa barabara, unapita kwenye njia ya chini kwa chini, unatokea upande wa pili ndani ya bustani, na kabla sijaona chochote nilisikia. Tak tak tak tak tak. Polepole, kitu kizito kinapandishwa. Kisha kimya. Kisha mayowe ya watu arobaini kwa pamoja na ngurumo ya mbao. Nikasimama pale pale, wallahi machozi yalinitoka.

Hii bustani ilianzishwa 1898, na sababu ya kuwepo kwake naipenda sana. Zamani kabla ya magari watu walikuwa wanasafiri kwa tramu za umeme, na kampuni za tramu zilikuwa na tatizo moja, siku za kazi behewa zimejaa, Jumapili tupu, na gharama za reli na umeme ziko pale pale. Basi wakafanya nini, mwisho wa reli wakaweka bustani, miti, ziwa dogo, ukumbi wa muziki, ili mtu apande tramu hata siku ya mapumziko. Kampuni ya Monongahela Street Railway ilichukua shamba la miti la familia ya Kenny, ambapo watu walikuwa washazoea kwenda kula chakula kivulini, na ndio ikawa Kennywood. Marekani nzima ilijaa bustani za namna hii. Magari yalipokuja reli zikang'olewa na bustani nyingi zikafa, zilizobaki ni za kuhesabu, na hii serikali iliiweka kwenye orodha ya kumbukumbu za kihistoria za taifa mwaka 1987. Iko juu ya genge, chini mto Monongahela, na ng'ambo ya mto unaona kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson ambacho Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma, alikianzisha 1875. Yaani wale waliokuwa wanachemka kwenye tanuru wiki nzima ndio waliokuja huku juu na watoto wao kupata hewa. Mpaka leo kuna siku za Waitaliano, siku za Wakroatia, wajukuu wa wale wafanyakazi wanakuja na ngoma zao na vyakula vyao. Mtu akinambia mahali kama hapa ni mbao tu, mimi naumia.

Sasa nikueleze zile mbao zenyewe.

Rolakosta, yaani yale magari ya reli yanayopanda na kushuka vilima kwa kasi, ya kwanza ntakayowapeleka ni Jack Rabbit, ya mwaka 1920. Miaka zaidi ya mia moja na inabeba watu. Aliyeichora ni John Miller, na huyu mtu ningependa watoto wako wamjue jina kama wanavyowajua wachezaji mpira. Kabla yake magari ya rolakosta yalikuwa yamekaa tu juu ya reli, hayashikwi na kitu kutoka chini, kwa hiyo huwezi kuyaendesha kasi juu ya kilima, yangeruka. Miller akaweka gurudumu la tatu. Moja juu ya reli, moja ubavuni, moja chini kabisa linaikumbatia reli kwa chini, hati ya ubunifu akaipata 1919. Rolakosta zote kubwa unazoziona kwenye video, hata hizo za Florida zinazopindua watu kichwa chini, zimesimama juu ya hilo wazo. Na ile tak tak tak niliyokwambia ni ulimi wa chuma chini ya gari unaruka kutoka jino moja kwenda jingine wakati cheni inavuta, ili cheni ikikatika gari lisirudi nyuma. Kwa hiyo ukisikia tak ujue umeshikwa. Mimi nikiwa napanda huwa naihesabu, inanituliza.

Na Jack Rabbit haikujengwa kwenye uwanja tambarare, imelazwa kwenye bonde lililokuwepo, kwa hiyo unatoka kituoni na unaanza kushuka moja kwa moja kabla hata ya kuvutwa na cheni, kilima kikubwa kinakuja mbele huko. Halafu ule mteremko wake maarufu, mita 21 hivi, umevunjwa mara mbili. Unashuka, unadhani umemaliza, kidogo tu reli inanyooka, halafu inaanguka tena, na hapo katikati makalio yanaachana na kiti. Sekunde moja, pengine haifiki. Ile ile sekunde ya juu ya bembea ya Makadara! Hakuna kompyuta, hakuna skrini, hakuna moshi wa kutengeneza, ni uzito wako na kilima na mtu mmoja aliyepiga hesabu vizuri zaidi ya miaka mia iliyopita.

Kwenye vitu vipya huoni kinachokubeba, kila kitu kimefunikwa plastiki na rangi. Huku unaona boliti, unaona grisi, unaona ubao mpya mweupe umewekwa katikati ya mbao za zamani zilizopakwa rangi, manake kila msimu mafundi wanatembea juu ya reli na nyundo, wanagonga, wanasikiliza, wanabadilisha ubao mmoja mmoja. Ni kama jahazi la kule Lamu. Ukiuliza ni la zamani au jipya fundi anakuonyesha mbao alizotia mwaka jana na bado ni jahazi lile lile.

Bintiyo mdogo najua anapenda farasi, basi kuna bembea ya farasi inayozunguka, iliyochongwa na kampuni ya Dentzel ya Philadelphia, ilifika hapa 1927, farasi wa mbao kwa makumi, na kati yao simba mmoja na chui milia mmoja. Mwambie asipande haraka, azunguke kwanza nje akiangalia. Farasi wa Marekani wanazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo ubavu wao wa kulia ndio unaotazama nje kwa watu, na huo ndio mafundi waliumaliza kwa maua na vito na nywele za shingo zinazopepea. Pita upande wa ndani uone ubavu wa kushoto, umenyooka tu, kazi nyepesi. Uingereza wanazungusha upande mwingine na mapambo yako ubavu wa pili. Mimi nilikaa miaka miwili bila kuligundua hilo, siku nilipoligundua nilirudi kuangalia farasi mmoja mmoja mpaka wakafunga.

Safina ya Nabii Nuhu nayo ipo, ya 1936, ni jengo la jahazi linaloyumba kweli kweli ukiwa unatembea ndani. Sisemi zaidi, waachie watoto. Chipsi pia zipo, sahani moja inatosha watu watatu, ila uwaambie wasikutilie nyama ya nguruwe juu.

Kuna jambo moja lazima nikwambie manake siku moja watoto watauliza, na sitaki uone nimelificha kwa sababu ya mapenzi. Hizi bustani nyingi za Marekani hazikuwa zetu. Mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kuingia, au anaruhusiwa kuingia lakini sio kwenye bwawa la kuogelea, sio kwenye ukumbi wa dansi. Karibu na Baltimore kulikuwa na bustani inaitwa Gwynn Oak, watu waliipigania miaka, tarehe 4 Julai 1963 walikamatwa zaidi ya 280 kwa siku moja, mapadri na wachungaji wa makanisa wamo. Ilifunguliwa kwa wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile ya yale maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi. Mtoto mweusi wa kwanza kupanda farasi pale alikuwa Sharon Langley, hajatimiza hata mwaka, baba yake amemshika pembeni asianguke. Ile bembea baadaye ilihamishiwa Washington, katikati ya mji, karibu na makumbusho ya taifa. Kwa hiyo mimi nikimweka mwanao juu ya farasi wa mbao simweki kwenye kitu cha wengine. Kuna watu walilala jela kwa sababu ya kiti hicho, na mimi nataka akikalie vizuri, kwa raha zake zote.

Ukitoka kwa farasi kuna Racer, 1927, ya Miller tena. Treni mbili zinashindana ubavu kwa ubavu, watu wanarushiana maneno, na zinapokaribiana kabisa wanajaribu kugusana mikono, mtu humjui hujawahi kumwona anakunyoshea kiganja na wewe unanyosha wako. Wewe utaona ni reli mbili, kumbe ni moja ndefu inayojizungusha, treni ikiondoka upande wa kushoto inarudi upande wa kulia. Blackpool Uingereza wanayo ya namna hiyo, Grand National, ya 1935. Mkubwa wako akae treni moja na mimi nyingine, nimeshampania.

Lakini sababu hasa ya kukuandikia ni Thunderbolt. Ilijengwa 1924 ikiitwa Pippin, ikafumuliwa na kuungwa upya 1968, na ina kona zinazokutupa kwa nguvu upande mmoja, ndio maana ina sheria yake, hupandi peke yako. Lazima muwe wawili kwenye kiti. Ile Jumamosi yangu ya kwanza nilifika mbele ya foleni nimejaa furaha na kijana wa pale akaniuliza kwa upole, mwenzako yuko wapi. Mimi sikuwa na mwenzangu, mdogo wangu. Sio pale tu. Nikaanza kurudi nyuma, na bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, amevaa kofia ya kiangazi, akaacha wajukuu zake akasema mimi ntaenda naye. Akakaa pembeni yangu, akanishika mkono kabisa, akanambia yeye alikuwa anaipanda tangu inaitwa Pippin. Kwenye kona zile alinilalia na mimi nikamlalia, tukacheka mpaka kifua kikauma. Tulipoteremka akanambia msimu ujao uje na mtu wako.

Nimeshaenda na wengi tangu siku hiyo, nimewapeleka wa kazini, nimewapeleka vijana wa Kikongo wa mtaani kwetu, mmoja wao sasa anaijua bustani kunishinda. Ila mtu wangu wa kwenye kiti kile nilikuwa nakuwazia wewe, manake ndio uliokuwa unakaa na mimi kwenye kisanduku cha bembea umenibana mkono na ile achari.

Basi wapime watoto urefu leo, bila viatu, wasimame ukutani, uniandikie kwa sentimita. Kila rolakosta ina kipimo chake, nitaangalia nani anapanda nini kabla hamjakata tiketi.