Kulwa, muulize mzee kuhusu pantoni

Kulwa ndugu yangu,

Habari za Dodoma? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua. Kimya changu tangu harusi ya Shija unisamehe, nitakueleza siku nyingine.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Jumamosi nilimpeleka Mama Geita, tukapita darajani. Kigongo tumeingia, Busisi tumetoka, sidhani kama dakika tano zilitimia. Mama akageuka: "Pantoni tumeshalipita?" Nikamwambia, Mama, watu siku hizi wanapita juu. Akanyamaza mpaka Sengerema.

Tangu hapo sijatulia. Daraja nalifurahia kwa moyo wote. Kilomita tatu juu ya ziwa! Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2019, akafariki kabla halijakwisha, Rais Samia akalizindua Juni 19, 2025. Sisi tuliokesha Kigongo ndio tunajua maana yake. Usiku ule wa dada Neema ulikuwepo. Pantoni limelala, gari la wagonjwa limesimama getini, na taa za Busisi tunaziona kabisa ng'ambo. Tulivuka kumekucha. Mtoto hakupona. Kila nikipita pale juu namkumbuka, sasa hivi angekuwa na miaka mingapi?

Lakini foleni hiyohiyo ndiyo iliyonisomesha, Kulwa. Mama alisimama Busisi na beseni la sato tangu naanza darasa la kwanza mpaka namaliza kidato cha nne. Magari yakichelewa, ada inapatikana. Sijui niyaweke wapi haya mawili.

Na historia ya kivuko chenyewe nani anaiandika? Vijana ukiwauliza watakutajia MV Mwanza, MV Misungwi, basi. Na waliofanya kazi pale kabla? Baba yako namwona mpaka leo. Sisi abiria tumeshushwa kwenye basi, tunapanda kwa miguu, mlango wa chuma unakwaruza mawe, minyororo inalia. Yeye ana kile kigogo chake kilicholainika kwa grisi. Anakisukuma kwa mguu mpaka kinabana tairi la lori, anakipiga teke moja la mwisho, halafu anainua mkono bila hata kumtazama dereva. Lori halisogei tena mpaka ng'ambo. Jambo kama lile likipotea mimi litaniuma sana.

Kwa hiyo nakuomba, kaa na mzee. Akichoka kuongea, mwache, urudi kesho yake. Mrekodi kwenye simu, mimi nitaandika.

Alianza kazi mwaka gani? Pantoni lake la kwanza lilikuwa linabeba magari mangapi? Kabla ya hapo watu walikuwa wanavukaje, kwa mitumbwi, na ng'ombe je? Siku ile ya mawimbi tulipokuwa tunakwenda kwenye mtihani, nahodha alikuwa nani? Ile picha yake amesimama na wenzake gatini bado ipo ukutani, au mlihama nayo? Na lile daftari lake la jalada jeusi?

Mama naye ana swali lake. Anataka kujua kama mzee anamkumbuka yule mwenye beseni la bluu, aliyekuwa anamwekea sato mmoja kila Ijumaa. Kila jioni ananiuliza kama umeshajibu.

Wako,
Masanja