Kaka, umeuliza kwa nini Mama anapanda basi

Kaka, shikamoo.

Swali lako la juzi kwenye grupu la familia nimelijibu mara nne na kulifuta mara nne. Uliandika, "Hivi Mama ana shida gani na gari langu?" ukaweka na vile vikatuni vya kucheka. Mjomba akajibu kwamba wazee wana mambo yao. Mama mdogo akaweka mikono ya maombi. Baada ya hapo mazungumzo yakahamia kwenye michango ya sendi-ofu ya binti yako, na swali likafukiwa. Nimeona nilijibie huku, ambako najua huwa unapita na kusoma bila kuacha hata salamu.

Ratiba uliyotuma ni nzuri, nasema kweli. Shule zimefungwa, mnatoka Dar alfajiri na watoto, mnashuka kila penye kitu cha kushangaza, mnalala Iringa, mnalala Mbeya, siku ya tatu mnaingia Tukuyu, na kurudi mnarudi na Mama. Ni safari ileile ya Juni 2018, umeongeza Kalenga tu, kwenye makumbusho ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe. Kalenga mwende. Mara ile giza lilitukuta mjini tukaiacha, na wanao wamekua wakidhani Mkwawa ni jina la chuo. Wakalione lile fuvu lake lililokaa Ujerumani mpaka likarudishwa mwaka 1954. Na kabla hamjafika Iringa, pale Lugalo, simamisha gari uwaonyeshe mnara, uwaambie Wahehe walimfanya nini Zelewski, yule kamanda wa Kijerumani, na askari wake mwaka 1891. Wewe unajua kusimulia. Baba alisema ungekuwa mwalimu kama si fedha kukupenda.

Mikumi pita polepole kama siku ile. Barabara inakata hifadhi kama kilomita 50 na hukuzidisha mwendo hata mara moja, watoto wakahesabu swala mpaka wakachoka. Unakumbuka ulivyomsomea Mama bango la faini za kugonga wanyama, mnyama mmoja mmoja, kwa dola? Naye akauliza, "Na mnyama akikugonga wewe, analipa nani?" Ulicheka ukapiga honi bila kukusudia. Mwanangu, ambaye alikuwa na miezi mitatu, akashtuka akalia, Mama akampokea akamtuliza kwa ule wimbo wa kwetu. Nikikumbuka safari hiyo huwa nalazimisha kumbukumbu yangu iishie hapo Mikumi. Haikubali.

Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa lilelile la siku zote, mibuyu imesimama bila jani. Ulinunua mishikaki, ukawanunulia watoto ubuyu, wakafyonza na kutema mbegu, nyingine nje ya dirisha, nyingine ndani. Hukusema neno. Ukanunua na kiroba cha vitunguu, vile vyekundu vilivyokauka vizuri, kikapakiwa nyuma, maganda yakaanza kupeperuka mpaka kwenye viti. Naomba hicho kiroba ukikumbuke. Nitakirudia.

Kitonga tulipanda nyuma ya malori ya Zambia, mwendo wa konokono, nyani wamekaa kwenye kingo kama waliotumwa kukusanya ushuru. Mama alikuwa akikuombea kila kona. Ulipomaliza mlima alikupigia makofi.

Halafu Ilula.

Mimi sijui kichwani mwako Ilula imehifadhiwa vipi. Labda haimo kabisa. Kwangu ni hivi: ulisimama ujaze upepo kwenye tairi la nyuma kushoto. Mama akashuka kunyoosha miguu, akavuka barabara kwenda kwa yule dada aliyepanga matenga ya nyanya. Nilikuwa nimekaa mbele, kioo kimeshushwa, nanyonyesha. Nilimwona Mama akichagua. Hakutaka zilizoiva. Alikuwa akichukua moja moja, anaigeuza, anaitazama kwenye kikonyo, anachagua zile zilizoanza kubadilika rangi, ili zifike Tukuyu zikiwa ngumu. Ilimchukua muda. Yule dada akajaza tenga, akafunika na majani, akafunga kwa kamba. Mama akafungua pindo la kanga yake, akahesabu elfu kumi na mbili kwa noti za elfu mbili mbili. Hakutuomba hata senti.

Kijana akamletea tenga mpaka nyuma ya gari, akaliweka juu ya kile kizulia cha kijivu. Ukaja unajifuta mikono. Ukasema, "Mama, hili si Fuso."

Mama alicheka. Alidhani unamtania, kama Mikumi.

Ukasema tena, sasa bila kucheka, kwamba gari halijamaliza mwezi tangu litoke bandarini, viti vina nailoni bado, nyanya zitachuruzika mpaka harufu isitoke tena. Ukalishika tenga mwenyewe, ukalitoa, ukaliweka chini karibu na tairi, kwenye changarawe. Hukulitupa, nakubali. Uliliweka taratibu kabisa, na ule utaratibu ndio unaonikaba mpaka leo, maana mtu mwenye hasira husamehewa kwa hasira zake.

Yule dada akataka kurudisha fedha. Mama akamzuia mkono. "Uza tena, mwanangu. Ulishahangaika." Akakugeukia wewe, akasema, "Basi, baba." Akapanda gari.

Ni hayo tu. Hakuna aliyepiga kelele. Nikisimulia kwa watu huniambia, ah, nyanya tu hizo? Ndiyo, nyanya. Lakini wewe ni mtoto wa kwetu, unajua mtu harudi nyumbani mikono mitupu. Mama alikaa Dar miezi mitatu akinilea uzazi, na miezi yote hiyo wanawake wa kikundi chake walimkamulia ng'ombe na kumpalilia migomba. Alikuwa amewaahidi nyanya za Ilula. Tulipofika, walikuwa wamekaa uani wanamsubiri, wamepika mbalaga. Ukatoa pochi ukawagawia elfu kumi kila mmoja. Ulifanya jambo kubwa na wote walisema ndaga fijo, asante sana. Mimi nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama mlangoni, ameficha mikono ndani ya kanga.

Lakini nimeruka kitu. Kutoka Ilula Mama alivua malapa yake, akayatia kwenye rambo (mwaka huo rambo bado zilikuwa halali), akayapakata pamoja na mkoba. Alisafiri hivyo siku zote zilizobaki. Mafinga, Kaka. Mwezi wa sita, katikati ya ile misonobari ya Sao Hill, wakati hata wewe ulivaa koti, Mama miguu mitupu. Wifi akamuuliza kama haoni baridi, akajibu kwamba anapumzisha vidole. Ukamwambia, "Jisikie nyumbani, Mama." Uliona kwenye kioo mtu anayestarehe. Mimi niliyekaa naye miezi mitatu nilijua anafanya nini. Alikuwa anaogopa kuchafua.

Isimila, pale penye mabaki ya Zama za Mawe karibu na Iringa, hakushuka korongoni, akasingizia magoti. Sisi tukashuka, tukapiga picha kati ya zile nguzo, ukawasomesha watoto habari za shoka za mawe zenye umri wa miaka zaidi ya laki mbili. Ile picha umeitundika sebuleni kwako. Kila nikija kula Krismasi huwa nakaa nimeipa mgongo.

Kimondo ndipo aliponitoa wasiwasi kidogo. Lile pande la chuma kule Mbozi, urefu kama mita tatu, tani zisizopungua 12, watoto wanalipiga kwa kokoto kusikia linavyolia, na Mama akamuuliza mlinzi, "Chuma chote hiki, wanunuzi wa vyuma chakavu hawajakiona?" Mlinzi alicheka mpaka akaketi. Nikajiambia ameshasahau. Kwenye Daraja la Mungu, pale mto Kiwira ulipotoboa chini ya mwamba, alikamata mkono wako mkateremka pamoja. Nadhani na wewe ulijiambia hivyo hivyo.

Tangu hapo amekuja Dar mara tano. Mara zote kwa basi. Mara mbili ulikuwa Mbeya kikazi na gari lina nafasi, akakwambia ameshakata tiketi. Mwaka jana tukiwa tunachambua maharage nilimuuliza waziwazi. Alisema, "Gari la kaka yako ni zuri sana. Mimi nina vumbi." Nikamwambia, Mama, jamani. Akasema, "Kwenye basi konda ananidai elfu mbili za mzigo, nampa, tumemalizana." Akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la swali lako. Ushauri wangu: usimwombe msamaha kwa simu, na usimtumie fedha. Usimnunulie nyanya. Usiende na gari jipya zaidi, najua umeliagiza. Nenda ukakae naye siku tatu nne bila kuangalia saa, uchafuke, ukate ndizi, ubebe mkungu begani kama zamani. Nakuambia hivi kwa sababu mimi ndivyo nilivyofanya, na kwangu alilegea.

Kulegea kwa lipi, utauliza, maana mimi sikutoa tenga. Na hapa ndipo huwa nafuta.

Sikusema kitu. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Ningeweza kusema, "Kaka, liweke miguuni kwangu." Nafasi ilikuwepo, begi la mtoto lingekaa kwenye kiti. Lakini wewe ndiye uliyenisomesha kuanzia kidato cha kwanza, ada yote, mpaka sare. Mtu aliyesomeshwa hana sauti kwenye gari la aliyemsomesha. Wenye kaka kama wewe wanaelewa. Na nilikuwa na mtoto kifuani, usiku uliotangulia sikulala, kidonda cha upasuaji bado kinavuta. Sidhani kama kuna mtu angetegemea nianzishe ugomvi barabarani katika hali ile. Wifi naye alikuwepo, ana afya njema, hakusema. Mbona yeye simwandikii barua.

Na kile kiroba. Sawa. Ni mimi niliyelalamika. Tangu Ruaha Mbuyuni mpaka katikati ya Kitonga nilikuwa nanung'unika kwamba harufu ya vitunguu inamchefua mtoto, kwamba maganda yanamwingia puani, kwamba gari jipya limeshakuwa soko. Nilisema "soko", Kaka, nakumbuka. Ulinyamaza, ukashusha vioo. Kwa hiyo ulipomwona Mama na tenga, inawezekana ulikuwa unanisikia mimi. Nimeliwaza hilo kwa miaka yote hii na bado naona lingetokea tu hata nisingesema. Wewe ulikuwa unapangusa lile gari kwa shati lako mwenyewe. Halafu, mbona vitunguu hukuvishusha? Vilifika Tukuyu, vikageuza, vikarudi Dar. Wifi alinipimia sado mbili. Nilivichukua na nilivipika vyote.

Mama anajua kwamba nilinung'unika. Alikuwa amekaa nyuma yangu. Hajawahi kulitaja.

Mwanangu sasa anasoma na ameanza kuuliza kwa nini bibi yake huvua viatu kila akipanda gari, hata teksi.

Basi. Nimeandika zaidi ya nilivyokusudia na kuna watu wasiotujua wamesoma mambo ya nyumbani kwetu. Ukikasirika, kasirika na mimi, grupu liache liendelee na michango. Yangu nimeshatuma kwa mweka hazina, angalia.

Mama ameshakata tiketi ya wiki moja kabla ya sherehe. Anatoka Tukuyu alfajiri, anafika Mbezi usiku. Nitakwenda kumpokea. Ameniambia anakuja na mikungu miwili ya ndizi, kiroba cha parachichi za wifi, na dumu la maziwa mgando lako wewe, ambalo amelifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli na bado anaogopa litamwagika. Mimi na mtoto hatutaweza kubeba vyote hivyo.